Aliyeiharibu Kalamu ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la saa na kalamu pale Iringa, Fundi Mkuu alinipa kalamu kuukuu ya Kijerumani akaniambia nizungushe kitako chake. Hakikuzunguka. Nikakaza mkono.

“Acha!” akasema. “Kalamu iliyokauka haitaki nguvu. Inataka maji baridi na subira.”

Ndani ya kalamu zile mlikuwa na pistoni. Ukizungusha kitako inashuka, ukirudisha inapanda na kuvuta wino. Kichwa cha pistoni kilivikwa koki, lile gome laini la mti linalozibia chupa. Koki ikikauka, wino unavuja au pistoni inakwama. Tuliiloweka kalamu siku mbili tatu, tukaifungua, tukachonga koki mpya na kuipaka nta. Maji ya moto yalikuwa mwiko, maana mwili wa kalamu ungepinda.

Katikati ya miaka ya hamsini nilihamishiwa tawi la Mbeya. Huko nilikaa benchi moja na Lutengano, fundi wa Rujewa aliyenizidi umri na ustadi.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu kutoka milimani, na kalamu aliyoachiwa na mmisionari Mjerumani aliyeondolewa nchini Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. “Sina kitu kingine cha mkono wake,” alisema. Lutengano akaipokea, akailoweka, kisha akapata habari ya msiba akaenda kwao kuzika.

Mimi sikuvumilia. Nilitaka Msimamizi wa tawi aone kwamba nami ni fundi. Nikamimina maji ya moto ya chai kikombeni, nikaitoa kalamu kwenye maji baridi nikaichovya humo. Kitako kikazunguka, nikafurahi. Kisha nikaona mwili umepinda na kidirisha cha kuonyesha wino kimepasuka. Nikaifuta vizuri, nikaiweka kwenye droo ya Lutengano.

Lutengano aliporudi, Msimamizi alikuwa ameishika kalamu ile. “Nani kaifanya hivi?”

“Imetoka droo ya Lutengano, bwana,” nikajibu haraka.

Lutengano alinitazama, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Jioni ile ile aliachishwa kazi. Mwalimu alipokuja aliipokea kalamu yake kwa mikono miwili, akauliza tu, “Haitaandika tena?” Nikatikisa kichwa.

Mwaka uliofuata nilimfuata Lutengano Rujewa. Nilimkuta shambani, matope ya mpunga yamemfika magotini. Nikamweleza yote.

“Nilijua,” akasema. “Niliiacha majini. Kalamu haijitoi yenyewe.”

“Mbona hukusema, kaka?”

“Nilikuwa nangoja useme wewe.”

Nikamwapia kwamba nikifika Mbeya nitamwambia Msimamizi. Asubuhi niliyorudi kazini niliingia ofisini kwake nikiwa nimeyapanga maneno. Kabla sijafungua kinywa akasema, “Karibu, Fundi Mkuu. Kuanzia leo benchi ni lako.” Nikasema, “Ahsante, bwana.” Basi.

Cheo hicho nilikaa nacho mpaka nikastaafu. Siku ya kuagwa walinisifu kuwa fundi mwenye subira, na vijana niliowafundisha wakapiga makofi. Lutengano alikuwa amekwisha kufa, na mwalimu pia. Nilisimama, nikatabasamu, nikashukuru.

Ninyi mnaoanza kazi leo mtaambiwa kwamba mikono yangu haikuwahi kuharibu kitu cha mteja. Si kweli. Kalamu ya mwalimu niliiharibu mimi. Lutengano hakuwa na kosa.