Bi Haba na Masinia ya Upasuaji

Kazini walimwita Bi Haba, na jina lilimkaa. Chai yake nusu kikombe, maneno yake ya kuhesabika, na programu alizoandika zilikuwa fupi kuliko za wenzake wote. Alikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka kumi na minne kabla hajaijua Java, lugha ya kuandikia programu. Alijifunza akiwa na miaka arobaini, kwenye meza ya kulia chakula, akigombania nafasi na madaftari ya bintiye. Mama mkwe wake akipita humtania, "Mkwe wangu, hiyo kompyuta unaiandikia barua, au yenyewe ndiyo inakuandikia?"

"Tunaandikiana, mama," hujibu bila kuinua kichwa. "Ila mwenzangu hasamehi hata nukta."

Kilichomjengea heshima ni mambo ya chumba cha kusafishia vyombo vya upasuaji. Kila upasuaji una sinia lake: mikasi, visu, vibano, vyote kwa idadi. Orodha za masinia hayo zilikuwa kwenye programu ya hospitali, nayo ilikuwa nzito kama gogo lililolowa. Muuguzi akifungua sinia moja, programu ilizoa kwenye hifadhidata kila chombo cha sinia hilo, kila tengenezo la kila chombo, na kila upasuaji kilikopita, hadi majina ya madaktari waliokwisha kustaafu. Wauguzi walibonyeza, wakaenda kunawa mikono, wakarudi, bado inazunguka.

Asubuhi moja muoshaji alikiondoa kwenye orodha kibano kilichovunjika. Dakika ileile, chumba cha pili, mfungaji wa masinia akaandika kwamba sinia hilohilo limetimia. Programu ikawakubalia wote wawili. Sinia likapelekwa likiwa pungufu. Bahati njema, muuguzi wa chumba cha upasuaji alihesabu kabla kisu hakijamgusa mtu, akasimamisha kazi. Mgonjwa alisubiri saa mbili, hakudhurika, ila hospitali nzima ilizizima.

"Tununue mashine kubwa," alisema mkuu wa mafundi wa kompyuta.

"Mashine kubwa itakosea upesi zaidi, bosi," Bi Haba akasema kwa upole. "Nipe wiki tatu."

Wiki ya kwanza hakuandika hata mstari. Alivaa kofia ya kitambaa, akaketi kwenye kigoda kando ya sinki, akatazama. Sista mkuu wa chumba kile, mama mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni, alimtilia shaka mwanzoni.

"Umekuja kutuchunguza?"

"Nimekuja kufundishwa, sista. Mkasi mmoja unaweza kutoka peke yake?"

"Thubutu! Ukitoka mmoja, sinia zima linahesabiwa upya, na saini ni yangu."

"Na fundi anayenoa mikasi, mnaweka habari zake humo?"

"Za nini? Tunaandika namba ya mkasi. Akitakiwa, anatafutwa kwake."

Bi Haba aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kisha akayageuza kuwa programu. Sinia na vyombo vyake vikawa kitu kimoja: husomwa pamoja, huhifadhiwa pamoja, na hakuna anayegusa chombo bila kupitia sinia lenyewe. Matengenezo na upasuaji vikabaki nje, vikitajwa kwa namba tu. Ile zana nzito ndani ya programu, iliyokuwa ikizoa kila kitu, akaiacha, akaandika kwa mkono wake amri chache za SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, zisizojaza hata kurasa mbili.

Hakupatia mara moja. Katika jaribio la kwanza aliifunga rafu nzima kuwa kitu kimoja, masinia thelathini, na mtu mmoja alipohariri, wengine wote wakakwama. Alicheka mwenyewe. "Tamaa," akamwambia kijana wa meza ya jirani. "Nimefunga mzigo nisioweza kuubeba." Akaufungua, akarudi kwenye sinia moja moja. Kila sinia akalipa namba ya toleo inayopanda kila likibadilishwa, ili anayehifadhi kwa taarifa za zamani arudishwe.

Siku ya kwanza ya kuitumia, mafundi walijazana mlangoni. Sista alibonyeza, na sinia likafunguka kabla hajainua kidole. Akafungua la pili, kisha la tatu, akaendelea na kazi.

Siku ya nne mfungaji alibonyeza kuhifadhi, kioo kikamwambia: "Mwenzako amelibadilisha sinia hili sasa hivi. Lifungue upya." Akanung'unika, akalifungua. Mkasi mmoja haukuwemo. Muoshaji alikuwa ameutoa kwa kutu. Akaenda kabatini, akaleta mwingine, akahesabu, akafunga. Upasuaji ulianza kwa wakati wake, na mgonjwa hakujua lolote.

Habari zilipomfikia mkuu wa mafundi, alishuka mwenyewe hadi kwenye meza ya Bi Haba, akavuta kiti.

"Dada, ile programu ya dawa nayo inatusumbua," alisema. "Ungeanzia wapi?"

Bi Haba alikuwa ameshasimama, anatafuta kalamu. "Kwa anayezigawa," akasema. "Twende tukamuulize."