Mpeleke Mama Yako Yadi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapomwona mtu mzima akilipiga teke gurudumu la gari lisilo lake huku anatikisa kichwa kama daktari. Jumamosi iliyopita nilikuona wewe ukifanya hivyo pale yadi ya magari ya Kitengela, na nusura nikuite kwa jina ambalo mama yako hataki nilitumie. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwepo. Sasa hawapo. Kaa chini.

Miezi minne, Lemayian! Miezi minne unalinganisha magari mawili ya kumbeba mama yako, lile jeupe na lile la buluu, yote mawili madogo, yote mawili yameinuliwa kidogo kutoka chini ili yajione makubwa. Kila jioni simu yangu inalia, nadhani kuna mtu amefariki, kumbe ni wewe umenitumia picha ya buti la gari. "Baba, hii iko na sunroof." Dirisha la paa! Kwa vumbi hili letu la malori na simiti, mtu mwenye akili zake anatafuta tundu la kuongeza. Kesho yake umebadilika: "Lakini ile ingine inakula mafuta kidogo." Umeyaandika yote kwenye jedwali, injini huku, taa kule, hata rangi ya viti umeiweka. Nikikuuliza utanunua lini, unaniambia haraka haraka haina baraka. Haya. Na ngoja ngoja je, haiumizi matumbo? Wahenga walisema yote mawili, wewe ukachukua lile linalokufaa. Mchagua jembe si mkulima.

Na pale yadi nilikuuliza swali moja tu. "Mama yako amekaa ndani ya ipi?" Ukanicheka. "Mama? Wacha, Baba, hiyo ni surprise. Ataiona ikishafika nyumbani." Hapo ndipo damu iliponipanda, na ndiyo maana nilitoka nikasimama kando ya barabara mpaka ukamaliza mambo yako. Haikuwa presha, kama ulivyomwambia dada yako. Ilikuwa hasira, na nusu ya hasira hiyo si yako. Ni yangu mwenyewe, ya zamani.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nanunua na kuuza ng'ombe sokoni Kajiado, na nilijiona sana. Kwa ng'ombe hakuna mtu aliyeweza kunidanganya. Nikimfungua mdomo najua umri wake, nikimwona anavyotembea najua kwato ipi inamuuma. Bibi yako, yaani mama yangu, alikuwa ameanza kuchoka miguu. Kutoka bomani mpaka kanisani Isinya ni mwendo wa saa mbili, na tangu aolewe hakuwa amekosa Jumapili isipokuwa za kujifungua. Akaniita, akasema, "Chukua madume wangu wawili uuze, uongeze kwa zako, ununue gari la kunipeleka kanisa." Hakusema gari gani. Alisema la kumpeleka kanisa, na mimi masikio yangu yakasikia "gari" peke yake.

Yalikuwepo mawili yakiuzwa. Moja lilikuwa Ngong, la kijani, limenyanyuka juu, magurudumu mapana, vyuma mbele kama la askari wa wanyamapori. Lingine lilikuwa hapa Kitengela, la mwalimu mmoja, la rangi ya jivu, la chini kidogo, milango mipana, sura mbaya kabisa. Nikayalinganisha kiangazi kizima. Ndiyo, najua unachofikiria, nyani haoni kundule. Mimi na mwenzangu wa rika, Parsaloi, tulilala chini ya magari yale, tukanusa oili, tukakinga moshi kwa kiganja tuone ni mweusi au mweupe. Kila kitu tulikipima. Mwishowe nikachukua la kijani, na sababu, nikwambie ukweli, ni kwamba nilipokaa ndani niliwatazama watu kutoka juu.

Jumapili ya kwanza wazee walikuja bomani, wakalinyunyizia maziwa kwa majani kulibariki, kama tunavyofanya. Mama akatoka na shuka jipya na shanga zake zote. Akainua mguu. Haukufika. Akashika mlango, akainua tena, haukufika. Na usiniambie habari ya kigoda, kigoda kililetwa. Kilipinduka, akaanguka kwa goti mbele ya wakwe na majirani. Basi mimi na Parsaloi tukambeba, mmoja makwapani, mwingine miguuni, tukamsukuma ndani kama gunia la mahindi, na shuka likapanda juu. Watoto wakacheka. Hata mtu mzima mmoja alicheka, na ninamjua. Kanisani tukamshusha vilevile, waumini wote wako nje wakisalimiana.

Jumapili iliyofuata, nawasha gari, naambiwa ameshaondoka kwa miguu. Nikamfuata, nikamfikia karibu na lami, nikateremsha kioo nikamsihi. "Yeiyo, panda. Tafadhali, mama." Hata hakusimama. Akasema, "Pita, mwanangu. Vumbi lako linaniingia machoni."

Siku ya soko akanikuta mzee Kereto, wa rika la baba yangu. Huyo mzee alikuwa na ulimi wa upupu, ukikugusa utajikuna wiki nzima. Hata salamu hakunipa.

"Ule ng'ombe wa maziwa ulinunua juzi, nani alimshika chuchu kabla hujalipa?"

"Mke wangu, mzee."

"Kwa nini si wewe?"

"Mimi sikamui."

"Ahaa. Na hiyo gari, ni wewe unapelekwa kanisa?"

Nikatazama viatu vyangu. Desturi unaijua, mwanangu, au nilidhani unaijua. Ng'ombe wa maziwa, mwanamume anaweza kumzunguka apendavyo, amsifu pembe, amsifu rangi, lakini atakayemkamua ndiye humwinamia, amguse, aone kama anapiga teke. Mama huyo mkamuaji akisema hapana, ni hapana, hata kama ng'ombe ni mzuri wa kuimbiwa. "Wewe umenunua ng'ombe ya kupiga mama yako teke," mzee Kereto akaniambia, "na ukanunua na madume yake. Rudisha. Ile ya jivu bado iko Kitengela."

Ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu mwezi mzima, na mwenyewe alikuwa radhi tubadilishane. Sikubadilisha. Niliona haya, Lemayian! Niliogopa vijana wa rika langu watasema nini wakiniona ndani ya kile kigari cha mwalimu. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Hili la pili lilikuwa kiburi, na ndilo linaloniamsha hadi leo. Nikajiambia mama atazoea.

Hakuzoea. Alitembea mpaka miguu ikakataa, halafu akaanza kusema, "Leo nitabaki tu nyumbani." Alibaki nyumbani Jumapili za miaka mingi, mwanamke aliyependa kuimba kuliko kula. Alipopanda tena lile gari la kijani ilikuwa ni siku ya kumtoa mochari kumleta nyumbani. Tulimbeba tena mimi na Parsaloi, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Sasa nisikilize vizuri, na uweke hiyo simu chini. Nimesema iweke chini! Mama yako anakwenda kliniki Kajiado kwa ajili ya goti lake kila Jumanne ya pili. Anakwenda kwa pikipiki, amekaa upande, mikono yote miwili imemng'ang'ania dereva. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi unanata, pikipiki haiji, na yeye haendi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba juzi Jumanne mvua haikunyesha. Pikipiki ilikuja mpaka mlangoni. Mama yako akatoka, akaitazama, akarudi ndani akavua viatu. Akaniambia, "Leo nitabaki tu." Unanisikia? Mimi nimelisikia neno hilo kwa mwanamke mwingine, na ninajua linaishia wapi.

Na wewe unalinganisha taa.

Mimi sijui kati ya jeupe na la buluu lipi ni bora, na sitaki kujua. Huenda lililo juu zaidi litapita matopeni na lililo chini kidogo litalihurumia goti. Basi hilo ndilo la kulinganisha, na hutalipata kwenye jedwali. Kesho njoo umchukue mama yako, umpeleke yadi mchana kweupe. Afungue mlango yeye mwenyewe. Apande, ashuke, apande tena. Usimshike mkono, usimtajie bei, na lile dirisha la paa usilitaje kabisa. Gari atakalokalia akavuta mlango bila kuuma meno, hilo lipie. Yote mawili yakimshinda, tafuteni la tatu siku hiyohiyo. Na hata ukishanunua ukagundua umekosea, rudisha, badilisha, uza, wacha wakucheke. Kicheko cha watu hakimalizi hata wiki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na gari la kumbeba mzazi hulilalii wewe. Zawadi ya kushtukiza mpe mke wako. Mzazi mwenye maumivu mpe heshima ya kuulizwa, na umuulize mapema, miguu yake ikiwa bado inaweza kujibu.

Nimemaliza. Inamisha kichwa, hata kama umeninunia. Enkai, Mungu wa baba zetu, akufungulie njia masika na kiangazi. Akuepushe na malori ya mchanga na madereva wake. Akupe umri mrefu, mrefu mpaka magoti yako nayo yaanze kukuuma. Na siku hiyo akupe mtoto atakayekuuliza kabla hajakununulia.