Nani Alimbeba Mama

Sisi wa Bweremana tulimjua yule bondia akiwa mzee kabla ya kumjua akiwa kijana. Filamu zake zilikuwa tano, na zilikuja kwa mashua kadiri mfanyabiashara wa Butembo alivyozipata mjini: kwanza ya tano, halafu ya tatu, ya nne, ya pili, na ile ya kwanza ikafika mwisho kabisa, karibu mwaka mzima baadaye. Mfanyabiashara huyo aliuza chumvi, sabuni na misumari mbele ya nyumba yake, na chumba cha nyuma alikijaza mabenchi, televisheni moja na jenereta yenye kelele. Jumamosi mchana, soko likiisha, alifunika madirisha kwa shitingi nyeusi za plastiki, na Mwalimu akasimama kando ya televisheni akiwa na kijiti. Mwalimu alikuwa amefundisha Kifaransa milimani mpaka vita vilipofunga shule yake. Sasa kazi yake ilikuwa kutuambia filamu zinasema nini.

Mwalimu alijua kuongeza chumvi. Bondia akisema maneno mawili, yeye alitupa ishirini, na mengine yalikuwa ya Injili. Hatukumlaumu. Tulibishana tu kama watu waliokuwa pale: wengine walisema ya tatu ndiyo tamu kwa sababu ngumi ni nyingi, wengine walisema ya tano kwa sababu bondia analia. Mama yangu, ambaye tulipanga naye kibanda jirani na duka, alijikongoja kwa fimbo kila Jumamosi ili aone ngumi. Alikuwa na maoni makali.

“Ule boksere iko anakula mubaya,” alisema. “Angalia miguu yake. Nani anamupikiyaka?”

Mimi bondia hakunihusu. Macho yangu yalikuwa kwa mtu mwingine, yule wa kona, mwenye ndoo na taulo. Katika filamu zote alikuwa pale. Bondia akikaa, yeye anampa maji, anamfuta damu, anamwambia neno sikioni, kisha anaondoa kiti. Mkanda wa ubingwa anavishwa mwingine. Nilimwambia mama kwamba huyu ndiye aliyeshinda, naye akacheka, akasema nina macho ya wivu tangu nikiwa mdogo. Alisema kweli. Nilikuwa na wivu, na wakati ule wivu wangu ulikuwa na sababu inayoishi karibu na kanisa, katika nyumba ya mbao yenye mabati mapya.

Sababu hiyo ilikuwa dada yangu mkubwa.

Vita vilipofika Kibabi, kijiji chetu kule milimani, tulikimbia asubuhi, maharage yakiwa bado kwenye moto. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Dada alikuwa na watoto wawili na masufuria, kwa hiyo mama akawa wangu. Nilimkalisha kwenye kiti kilichokatwa miguu, nikakifunga kwa kamba, nikapitisha kamba kwenye kipaji cha uso, kama tunavyobeba mihogo na kuni. Siku mbili niliteremka hivyo milimani, mgongo umekunjwa, naona vidole vyangu vya miguu tu na matope. Mama hakuwa mzito, lakini alikuwa na maneno. Alinielekeza pa kukanyaga njia nzima, kana kwamba miguu ilikuwa yake. Kamba iliniachia alama hapa kwenye kipaji, haijatoka mpaka leo. Ukitaka, njoo uiguse.

Tulipofika Shasha, kando ya barabara, mama alisema ana kiu. Nilimweka chini, nikaifungua kamba, nikafunga nayo bidoni ya maji, nikaenda ziwani. Nilipokuwa kule milio ya bunduki ilisikika upande wa juu, na watu wote wa barabarani wakanyanyuka mara moja. Dada alimpa jirani watoto, akamtupa mama mgongoni bila kiti wala kamba, akaenda. Walitembea hatua labda mia mbili. Na katika hatua hizo mia mbili, pembeni ya barabara, walikuwapo wageni wawili na kamera yao. Mimi niliwafikia nikihema, kiti begani, nusu ya maji imemwagika, wakati mgeni alikuwa anarudisha kifuniko kwenye kamera.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Nilivumilia mimi, mbivu akala dada yangu.

Filamu ya wale wageni, documentaire kama Mwalimu alivyoiita, ilirudi kwetu baada ya miezi mingi, ikaonyeshwa kwanza katika uwanja wa kanisa, kule juu. Mama hakuweza kupanda. Mimi nilikwenda, na nilimwona dada yangu akijaza kitambaa chote cha filamu, uso una jasho, mama mgongoni, na sauti ya mzungu inaeleza kwa huzuni. Mwalimu alifasiri: huyu binti amembeba mama yake kutoka milimani, siku mbili, bila msaada. Watu walilia. Mwanamke mmoja karibu nami alinishika mkono akaniambia nina bahati kuwa na dada wa namna hiyo. Nilitaka kumng'ata.

Tangu hapo ikawa hivyo. Sokoni walimwongezea samaki. Akina mama wa kanisa walimchagua kuwa mkubwa wao, na kwa sababu hawakutaka shujaa wao alale chini ya majani, walimjengea ile nyumba ya mbao. Sitamsingizia: dada hakusema uongo. Nilipomkabili, aliendelea kuchambua maharage.

“Yaya, dada yangu, juu ya nini haukubaambia bale bageni?”

“Baliniuliza kama ni mama yangu, nikasema ndiyo. Baliniuliza tunatoka wapi, nikasema Kibabi. Habakuuliza nani alimubeba.”

“Na weye haukuweza kusema?”

“Nilikuwa nimemubeba, mudogo wangu. Pumzi ya kusema ingetoka wapi?”

Neno hilo liliniumiza kuliko nyumba.

Kisha mvua zikaanza. Kibanda chetu kilivuja pande zote, na mama akapata kikohozi kinachomkunja. Dada akashuka kusema kwamba mama ahamie kwake, kuko kavu. Nilikataa. Nilisema mama ni wangu, nimemtoa Kibabi kwa kichwa changu, na kama wanataka kumwonyesha mama kwa wageni kama sanamu ya kanisani, watafute mwingine. Nilisogeza kitanda chake pembe hii, kesho pembe ile, nikiweka sufuria chini ya kila tundu. Nilijua namkosea. Usiku nilimsikiliza anavyokohoa nikajiambia kesho nitamruhusu, na asubuhi nikiona mabati yale yanang'aa kule juu, moyo unafunga tena. Dada alisema tumwachie mama mwenyewe aamue, Jumapili baada ya misa. Niliogopa Jumapili ile kuliko nilivyoogopa bunduki za Shasha.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, mfanyabiashara alipata filamu ya kwanza ya bondia. Chumba kilijaa. Na huko mwanzoni, ambako sisi tulifika mwisho, tulimwona yule mtu wa ndoo akiwa kijana, ana glavu mikononi. Alikuwa kaka mkubwa wa bondia. Yeye ndiye aliyekuwa akipigana, na kwa ngumi zake alimlisha mdogo wake mpaka mkono ukavunjika. Ndipo akashika ndoo. Mwaka mzima tulikuwa tumemwona kama mpagazi.

“Aaah,” mama akasema kwa sauti. “Kumbe.”

Nikamgeukia ili nimwambie si nilikuambia, lakini mfanyabiashara alikuwa amekwisha kubadilisha kasete. Kwa kuwa jenereta ilikuwa bado na mafuta, alituwekea ile documentaire, bure, kwa heshima ya mama ambaye hajaiona. Nilitaka kutoka. Mama alinishika kitenge.

Dada akatokea kwenye kioo, na mama mgongoni mwake. Mara hii, kwa kuwa nilichoka kumtazama dada, nilimtazama mama. Mwili wake ulikwenda mbele, lakini shingo ilikuwa imegeuka nyuma kabisa, kama ya kuku, na haikurudi hata mara moja. Sauti ya mzungu ikaeleza. Mwalimu akainua kijiti chake, akafasiri kwa uchungu:

“Huyu mama anaaga milima yake. Anaitazama kwa mara ya mwisho.”

Wanawake wakaanza kupangusa macho. Mama akagonga fimbo chini.

“Milima gani, Mwalimu? Nani alitazama milima? Ile milima ilikuwa imeniumiza matako siku mbili!” Watu wakacheka. Akanielekezea fimbo. “Nilikuwa nachunga huyu. Alikuwa ameenda kutafuta maji, na masasi ilikuwa inalia. Nilisema, ndiyo huyu alinitoa Kibabi, sasa anabakia kule ziwani juu ya kiu yangu.”

Mwalimu alishusha kijiti. Kasete ikaendelea bila mfasiri, na mimi nilikaa kwenye benchi nikilia kwa sauti, bila haya, nikifuta makamasi kwa kitenge changu. Furaha ilikuwamo, na ndani ya furaha wivu ulikuwamo bado. Niliona kwamba watu waliosikia ni thelathini tu, na wengine wa Bweremana nzima hawakuwapo.

Jumapili baada ya misa, dada alikuja kibandani kwetu, akakaa. Nilikuwa tayari. Baada ya maneno ya jana, nilijua mama atabaki. Mama alikohoa kwanza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Naenda kwa mukubwa wako. Kule mvua haiingie.”

Nilitazama sufuria zangu zilizojaa maji.

“Lakini ile mulima siwezi kupanda,” akaongeza, akinitazama mimi. “Tafuta kamba.”

Kiti kile kilichokatwa miguu kilikuwa bado kipo, tulikuwa tunawekea mkaa. Nilikipangusa. Nilimkalisha, nikafunga, nikapitisha kamba pale pale kwenye alama yake, nikasimama. Alikuwa amepungua sana. Dada alitangulia na kitanda kichwani, nasi tukapita katikati ya soko, mama akinionyesha pa kukanyaga, mimi nikiona vidole vyangu vya miguu tu. Wanawake wa samaki walisimama kutupisha, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kusifu kabisa:

“Ona, leo hata mudogo anamusaidia dada yake.”