Kibuyu na Kijiti Chake

Baada ya arobaini ya mama tulikutana nyumbani Mandewa, sisi watoto wake, kugawana vitu vya ndani. Kama umewahi kuifanya kazi hiyo, rafiki yangu, unajua ilivyo. Unafungua kabati ukiwa na haraka, mara unajikuta umekaa sakafuni na kopo tupu la mafuta ya nazi mkononi, hujui ulitupe au ulilie. Dada zangu walishughulika na vyombo na kanga. Mimi nikatoa godoro nje lipigwe jua, na juu ya mbao za kitanda nikakuta karatasi ya manila imelala bapa, pembe zake zimeliwa na mende. Ilikuwa na kibuyu kilichochorwa kwa penseli. Ule mchoro niliuchora mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne, na nilidhani ulishawashiwa moto wa jikoni zamani. Kumbe mama alikuwa akiulalia miaka yote hiyo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana bila kibuyu hiki hutanielewa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, watu wamechoka, halafu ghafla maduka ya Singida mjini yakajaa. Duka la baba lilijaa kuliko mengine, au ndivyo nilivyoona mimi. Babu yake baba alikuja bara na biashara ya chumvi kutoka pwani, na ukoo mzima haukuwahi kushika jembe. Baba aliuza plastiki. Ndoo, madumu, mabeseni, majagi, vikombe vya rangi ambazo hatukuwa tumeziona. Asubuhi vitu hivyo vilining'inizwa mbele ya duka, na ule upepo wa kwetu usiopumzika ukawa unavigonganisha mpaka magharibi. Nikifumba macho hata sasa nasikia. Ko-ko-ko. Kwa baba hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya maendeleo, na mimi nilikubaliana naye kabisa.

Mama alitoka Unyambwa, kwa Wanyaturu wenye ng'ombe na uwele. Bibi, mama yake mama, alibaki kule, na likizo zangu nilikuwa naye. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye utani wa kuudhi. Aliniita mke mwenzangu, akidai marehemu babu angenioa mimi kama asingekuwa na haraka. "Shikamoo bibi," namwambia asubuhi. "Marahaba, mvivu mke mwenzangu, ng'ombe amekwisha kamuliwa." Tulikula ugali wa uwele na mlenda mchana, na jioni tena ugali na mlenda, na nilinung'unika sana. Kitu kimoja sikukinung'unikia, nacho ni maziwa yake ya mgando.

Yalikaa kwenye kibuyu alichopewa na mama yake siku aliyoolewa. Kilikuwa kimepasuka ubavuni zamani, kikashonwa kwa uzi wa ukano wa ng'ombe, mishono midogo midogo iliyopanda kama njia ya sisimizi. Kabla ya kutia maziwa, bibi alichukua kijiti cha mti fulani, akakichoma mpaka ncha ikawa kaa, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukizungusha. Moshi ukajaa. Akafunika kidogo, akakung'uta majivu, akatia maziwa. Baada ya siku chache ukinywa unasikia moshi ule kwa mbali, si mkali, una utamu kama wa asali mbichi, unabaki nyuma ya ulimi. Nimekunywa maziwa mengi maishani, hata ya kopo kutoka nje. Yale sijayapata tena.

Basi mwaka huo likatokea jambo mjini. Tulikuwa na makumbusho, chumba kirefu chenye bati, ndani mna mikuki, vinu, vigoda na ngoma zenye vumbi, na hakuna aliyeingia isipokuwa wanafunzi waliopelekwa kwa mstari. Akaja mwalimu wa sanaa, kijana aliyetoka chuoni, akaanzisha darasa la uchoraji humo ndani kila Jumamosi kwa sisi vijana wa mjini. Penseli zilikuwa zake, karatasi zake, na hakututoza kitu. Baba aliniruhusu kwa sababu alidhani nitajifunza kuandika mabango ya duka.

Nilimpenda mwalimu yule, nisikufiche. Hakuwahi kuchapa mtu. Alikuwa akipita nyuma yetu mikono mgongoni, na neno lake lilikuwa moja tu: "Chora unachokiona, usichore unachokijua." Nilichora kinu mpaka nikaanza kuota vinu. Kwa mara ya kwanza maishani mtu mzima alisimama nyuma yangu akanyamaza kwa sababu nimefanya kitu vizuri. Ukiwa na miaka kumi na minne, hilo linakulevya.

Mwishoni akasema tutafanya maonyesho, wazazi waje, na kila mmoja alete kitu cha zamani kutoka kwao, akichore, kisha kitu na mchoro viwekwe pamoja. Wenzangu walileta upinde, kigoda, kengele ya ng'ombe. Kwetu mjini hakukuwa na cha zamani, kulikuwa na plastiki. Nikaenda Unyambwa.

Bibi alikataa. "Maziwa nitaweka wapi, kwenye kanga?" Nilimbembeleza siku nzima, nikamchotea maji bila kutumwa, nikapeta uwele bila kutumwa, mpaka akaanza kunihurumia. Bahati nzuri ng'ombe wake alikuwa amekauka, anasubiri kuzaa, na kibuyu kilikuwa kimetundikwa kitupu. Akakishusha. Akakifunga kwenye kanga yake kuukuu, na pamoja nacho akaweka kile kijiti, ncha imeungua, kimezungushiwa kitambaa.

"Ng'ombe akizaa, kiwe kimerudi," akasema. "Na hiki usikitenganishe nacho."

Alikitaja kijiti kwa jina la Kinyaturu. Alilitaja huku akikaza fundo la kanga, na mimi nilikuwa tayari mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nawaza gari la kurudi mjini. Nikasema ndiyo bibi. Jina lile liliniingia sikio hili likatoka lile.

Nilikichora kibuyu Jumamosi mbili. Mchoro ule, ngoja nijisifu, ulikuwa mzuri. Kila mshono upo, ukanda wa ngozi upo, na pembeni yake nikachora kijiti kimelala, na kitambaa chake, kwa sababu ndivyo vilivyokaa mezani. Nilichora nilichokiona. Mwalimu akaja, akanyamaza nyuma yangu muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasema kwa upole, "Hiki kijiti kinavuta jicho. Kifute, kibuyu kisimame peke yake." Nikachukua raba, nikakifuta. Alikuwa sahihi, mchoro ulipendeza zaidi. Kijiti chenyewe nikakiweka dirishani nisije nikakipoteza, na siku ya kufagia kwa ajili ya maonyesho kikaenda na takataka. Nilipouliza, yule mama wa usafi alinishangaa, "Kile cha kuni?"

Na mwalimu, katika kutuheshimu, alifanya jambo moja zaidi. Usiku wa kuamkia maonyesho alikaa peke yake akapaka kila kitu cha mbao na kila kibuyu vanishi, nje na ndani, mdudu asiingie. Tulipofika asubuhi chumba kilikuwa kinameta. Tulishangilia. Kibuyu cha bibi kiling'aa mpaka mishono ikaonekana mipya, na nilijisikia fahari kana kwamba mimi ndiye niliyekizaa.

Bibi alikuja kwa miguu kutoka Unyambwa, na kanga zake za sikukuu. Baba alikuwa amefika mapema. Alipomwona mkwe wake mlangoni alihamia upande wa pili wa chumba, akamwamkia kwa mbali akiwa ameinama, kama inavyotakiwa. Bibi akaanza na mchoro. Akaufuata kwa kidole, mshono kwa mshono, akacheka. "Mke mwenzangu, ni yeye kabisa." Halafu kidole kikasimama. "Mti wake uko wapi?"

Nikatazama dirishani. Akageukia meza, akakichukua kibuyu chenyewe, akatoa kifuniko, akakisogeza puani.

Bado nauona uso wake. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikinusa tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya ndugu yake na hasikii mtu. Mwalimu alikuja akitabasamu, akamwamkia shikamoo mama, akamweleza kwamba sasa kitadumu miaka mia. Bibi akaitikia marahaba. Akakirudisha mezani, akakigeuza vizuri kielekee watu.

"Sasa hiki ni picha," akasema. "Kaeni nacho."

Mwalimu alidhani amesifiwa, akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi nilielewa, na mama alielewa. Baba, kutoka kule ukutani, alielewa kwa namna yake: kwamba mama mkwe amebaki bila chombo cha maziwa. Jioni ile, niliporudi nyumbani na mchoro wangu, akampa mama ndoo ya bluu yenye mfuniko, ya daraja la kwanza, ampelekee. Aliitoa kwa moyo safi kabisa. Na kwetu zawadi ya mkwe haikataliwi, wala haifichwi uvunguni, maana atakapokuja kusalimia lazima aikute inafanya kazi. Bibi aliipokea kwa magoti. Ng'ombe alipozaa, maziwa yakaingia kwenye ndoo.

Nilikwenda likizo iliyofuata. Akanimiminia. Yalikuwa maziwa mazuri, meupe, safi, yasiyo na kitu nyuma ya ulimi. Nilimwambia matamu, bibi. Akachukua kamba. "Plastiki haivumilii kaa la moto," akasema, akaenda kufunga ndama. Hakukizungumzia tena kibuyu mpaka anakufa, na mimi sikuthubutu kukitaja, wala sikumwuliza jina la mti. Nilidhani kumwuliza ni kumtonesha.

Inaniuma, nakwambia ukweli. Mwalimu alihamishwa, darasa likafa. Chumba cha makumbusho kikageuzwa stoo, vitu vikapelekwa sijui wapi, nimeuliza nikachoka. Sitashangaa kibuyu chetu kikiwa leo kimetobolewa na kuwekwa taa ukumbini mwa mtu. Baba naye akafa, duka likafungwa, na siku hizi plastiki zile zile zinatapakaa kwenye mitaro mpaka kwenye ziwa la mji wetu.

Baada ya kugawana vitu nilikwenda Unyambwa na mchoro wangu. Nilimkuta jirani wa bibi, mzee sana, haoni vizuri. Nikamwuliza jina la mti wa kufukizia kibuyu. Akaniuliza nyumba gani, nikamwambia. Akafikiri. "Kila nyumba ilikuwa na mti wake, mwanangu. Mama yako ndiye angekuambia." Mama, niliyekaa naye jikoni miaka hamsini tukiongelea bei ya vitunguu. Akanielekeza mlimani kulikokatwa vijiti hivyo. Nikaenda. Kuna alizeti na nyumba za bati. Nilinunua kibuyu mnadani, nikajaribu miti niliyoweza kuokota. Maziwa yanatoka na moshi, watoto wangu wanasema matamu, mama, unataka nini tena?

Juzi niliushika mchoro dirishani, jua likiwa nyuma yake. Raba haikufuta kila kitu. Penseli yangu ilikuwa nzito wakati ule, ikaacha mfereji kwenye karatasi, na ukiangalia kwa upande kijiti kinaonekana chote: urefu wake, kifundo katikati, kitambaa, na ile ncha iliyoungua ambako nilikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nilikichora vizuri mno. Nikafanya kama alivyofanya bibi siku ile, nikakisogeza puani. Kilinuka karatasi, na kidogo godoro la mama.