Unyayo Uliochotwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita huko Mbooni, kesi ilifunguliwa kwa ajili ya kisigino changu cha kulia, na mshtakiwa alikuwa jirani yetu. Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa mkimbiaji. Nilipochaguliwa kwa mbio za wilaya nilianza kupanda kilima mbio kila jioni, miguu mitupu, juu ya udongo mgumu kama sakafu. Asubuhi moja nikashuka kitandani nikapiga yowe. Niliona kama nimekanyaga mwiba wa mgunga, lakini mwiba haukuwepo. Nikishatembea hadi mtoni na kurudi, maumivu yanalegea. Nikikimbia jioni, kesho yake nayakuta yananingoja kando ya kitanda.

Susu, nyanya yangu mzaa baba, alitoka uani kuchunguza nyayo zangu.

"Woi! Njooni muone! Kisigino kimechotwa!"

Kweli, alama ya mguu wangu ilikuwa na shimo pale kisigino kilipokanyaga. Kwetu jambo hilo halikuhitaji maelezo: mwenye uchawi huchota udongo uliokanyaga, na mguu wako unakwisha. Na mchotaji angekuwa nani kama si Mama Kanini, mjane wa ng'ambo ya ua? Binti yake Kanini alikuwa nyuma yangu kidogo tu katika mbio, na nikishindwa ndiye angechukua nafasi yangu.

Ushahidi? Ati ni mjane, na mtoto wake ana mbio. Basi, hukumu imetoka! Mama huyu aliimba kwaya benchi moja na Susu, lakini Jumapili hiyo Susu alihamia benchi la nyuma, Biblia kifuani, na wala hakuona kinaya chochote.

Kuanzia hapo, kila nilipotoka Susu alinifuata na tawi, akifagia nyayo zangu. Wenzangu walishangilia, "Malkia anapita! Fagieni!" Baba naye akatoa amri: "Mama Kanini asiporudisha huo udongo, hukimbii. Mguu wa mtoto wangu si wa kuchezewa."

Nikaona hapa lazima mwizi ashikwe. Jumamosi niliacha unyayo mmoja uani bila kufagiwa, nikakaa mlangoni pa jikoni nikichambua maharagwe. Jua lilipopanda, mwizi akaja. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajilaza juu ya unyayo wangu, akachakura na kujirushia vumbi mgongoni.

"Susu! Njoo umshike mchawi wako!"

Alikuwa mtetea mwekundu wa Susu mwenyewe. Kumbe udongo uliovunjwavunjwa na kisigino ulimfaa kuogea. Susu alimtazama kuku, kuku akamtazama Susu.

"Huyu ametumwa," Susu akasema.

"Ametumwa na nani, na wewe ndiye unamlisha?"

Baba, aliyekuwa akinoa jembe, alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Sawa, mwacheni huyo mama. Lakini mguu bado unauma. Usipopona, hakuna mbio."

Nilimpelekea mguu Mwalimu Mbithe wa michezo. Alibonyeza chini ya kisigino, nikaruka.

"Asubuhi ndiyo mbaya zaidi? Ukitembea kidogo inapungua?"

"Ndiyo, mwalimu. Umejuaje?"

"Ilinishika chuoni nikikimbia. Chini ya unyayo kuna utepe mgumu, toka kisigino mpaka vidoleni. Umeurukia mlima ghafla, bila viatu, ukauvuta kupita kiasi. Usiku utepe unakazana, asubuhi ukikanyaga unauvuta tena."

Akaniambia niache kilima kwanza, nivae viatu vya tairi vilivyowekwa kitambaa laini kisiginoni. Kabla ya kushuka kitandani, nivute vidole kuelekea kwangu taratibu. Kisha niegemee ukuta, kisigino kikiwa chini, mpaka shavu la mguu linyooke. Jioni niviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi. "Na usitake muujiza," akaonya. "Hii inapona polepole."

Susu alinikuta nikifanya zoezi. "Sasa unasukuma nyumba ya baba yako iende wapi?"

Wiki zilipita. Asubuhi moja nilishuka kitandani, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nilipaswa kuumia. Nilirudi kukimbia kidogo kidogo, kwanza kwenye majani tambarare. Siku ya mbio nilimaliza wa kwanza, waliokuja nyuma wakila vumbi langu. Sauti iliyopita zote kando ya uwanja, ikiita jina langu mpaka ikakauka, ilikuwa ya Mama Kanini. Susu alisimama pale pale akiisikiliza. Halafu akapita katikati ya watu, akamfikia, akamshika mikono yote miwili. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kwamba alizungumza kwa muda mrefu, na kwamba Mama Kanini hakuivuta mikono yake.

Huku chuoni ninakosoma sasa, kwenye mdahalo, hakosekani mheshimiwa wa kusimama na kusema imani hizi ni mapambo ya wazee, hazimdhuru mtu. Huwa nanyoosha mkono kabla hajamaliza. Kisigino changu kilipona kwa sababu mtu alikiuliza kinauma saa ngapi. Mama Kanini hakuna aliyemuuliza lolote, na kama kuku yule angeenda kuogea kwingine siku ile, yeye ndiye angebaki akichechemea maisha yake yote.