Ndimu ya Vidole vya Binti

Ijumaa, nilipokuwa katika duka moja la Nyamira kwa kazi ya gazeti, mama mmoja kutoka Itumbe aliulizia kitu cha kutoa weusi wa majani ya chai vidoleni.

"Ni cha binti yangu. Kanisani huficha mikono chini ya Biblia."

Mwenye duka akacheka, akampa ndimu. "Mwambie asugue, kisha apake mafuta. Wachumba watapanga foleni!"

Mama aliifunga ndimu kwenye pindo la leso, taratibu. "Nitamsugua mwenyewe," akasema. "Tunamzika Jumapili."

Kicheko kikakatika. Tangu chai ianze kupandwa kwetu, sisi wa magazeti tumewafundisha wasichana kung'arisha kucha, huku tukinywa chai wanayoichuma. Nilitazama vidole vya yule mama. Vilikuwa vyeusi tii, na ndimu alinunua moja tu.