Siku Mkwe Wangu Aliponikuta Chini ya Pikapu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mmeshasimuliwa mnadani, tena kwa kuongezewa chumvi, kwamba kuna bibi wa Itiryo alikutwa na mkwewe amevaa suruali. Ni mimi. Aibu ni yangu, basi isikieni kwangu, na mnyamaze nimalize.

Pikapu ni ya mwanangu Chacha. Mkewe Ghati alikuwa mzito, siku zake zimefika, na kwa sababu mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, muuguzi alisema huyu asizaliwe nyumbani wala mama yake asipandishwe pikipiki. Mvua nayo ilikuwa inanyesha kila alasiri, na kilima chetu kikilowa hakipandiki ila kwa gari lenye difu ya loki, yaani ukiifunga hiyo loki magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka pamoja. Chacha akaifunga, akakanyaga mafuta kwenye tope, tukasikia ka! Ekseli ikakatika, ile shafti inayozungusha gurudumu. Upande wa nje ukachomoka vizuri, kipande cha ndani kikabaki humo humo kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma.

Fundi anayelijua gari hilo ni Marwa, mume wa binti yangu Bhoke, yuko Genkuru. Chacha akasema, "Mama, nimpigie shemeji." Nikakataa. Kwa neno hilo moja nikajichimbia shimo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hawashikani mkono, sasa aje alale chali uani kwangu, tumbo wazi, mimi napita na sufuria? (Ninyi wa siku hizi mnakula nao sahani moja, shauri yenu.) Nikasema marehemu mume wangu kipande kama hicho alikitoa kwa kuchomoa ekseli ya upande wa pili, ule usiovunjika, anapitisha nondo kutokea huko, anagonga, kinatoka. Nilimwona kwa macho yangu.

Asubuhi tukaanza. Nikavaa suruali ya marehemu kwa ajili ya heshima, maana nilitaka kulala chini ya gari nisikilize nondo inagota wapi. Chacha anagonga, mimi nasikiliza, oili inanidondokea kwenye kitambaa cha kichwa.

"Mama, haipiti."

"Ongeza, mura!"

Akaongeza. Nondo ikakwama, haiendi mbele, hairudi nyuma. Ilikuwa siku ya mnada, wapita njia wakaanza kusimama.

Mara pikipiki ikanguruma, ikazima, nikasikia sauti ninayoijua: "Shikamoo mama."

Kumbe Ghati alikuwa amempigia Bhoke kwa siri. Miguu yangu iko nje, suruali imepanda hadi magotini. Nikaitikia "Marahaba" nikiwa nimeitazama difu, ningemtazama nani? Marwa ana adabu, akageukia ua wa minyaa, akasimama huko. Yeye hawezi kusogea mimi nikiwa pale, mimi siwezi kutoka yeye akiwa pale. Jirani yangu Wankuru akapaza sauti, "Mama Chacha, kumbe siku hizi fundi? Na mimi plau yangu mbovu!" Watu wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Ndipo Ghati akaita kutoka ndani: "Mama! Maji yametoka!"

Kicheko kikakatika. Kwenye kilima wingu lilishakuwa jeusi. Nikasema, "Marwa, usigeuke."

"Sijageuka, mama."

Nikajivuta kwa haraka, suruali ikanasa kwenye springi, ikachanika mpaka kiunoni. Chacha akanirushia turubai la kuanikia mahindi, nikakimbilia ndani nimejifunika kama kobe.

Nikasikilizia nyuma ya mlango, Ghati amenibana mkono mpaka kucha zikaniingia. Marwa akasema, "Hii ina loki, katikati kuna chuma kimeziba, nondo haipiti ng'o. Nani kagonga hivi?" Chacha hakunitaja, akaishika nondo (mwanangu mwema huyo). Waliokuwa wanacheka wakaitwa kuvuta nondo, ikatoka. Marwa akaingiza bomba jembamba lenye sumaku kwa upande uliokatika, kipande kinashika, kinaponyoka, kinashika, kinaponyoka, na matone yameanza kupiga bati. Mungu wangu, nilisema, mtoto asife kwa sababu ya aibu yangu.

"Kimekuja!"

Ekseli nyingine alikuja nayo, ameifunga kwenye pikipiki kwa mpira. Wakafunga, tukaondoka kwenda hospitali, Marwa kwenye usukani, mimi kiti cha nyuma na Ghati, turubai usoni. Kilimani gari likateleza, likaenda upande, akafunga loki, likapanda taratibu. Kule juu akasema bila kugeuka, "Mama, pole na kazi."

Mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Niliporudi niliwaita wote uani, nimejifunga kanga mbili, nikawaamuru: suruali ile ikatwe matambara ya kufutia oili, yakae garini. Na gari likiharibika tena, Marwa aitwe kwanza, mimi niambiwe akishafika.